Salamu ya Msichana wa Kuni

Wewe unayesema mambo haya ni ya kutungwa, ondoka sasa hivi ukaangalie ng'ombe wako, uniachie wanaotaka kusikia. Mimi ni mama wa kanisa. Nachuma chai yangu, nakama ng'ombe wangu, Jumapili nakaa benchi ya mbele, na sijawahi kumkimbilia mganga hata siku ile jino liliponiuma nikaona nyota mchana. Kwa hivyo niamini. Niliyoyaona kwenye mlima wa Londiani niliyaona jua likiwa bado juu, na sikuwa nimekunywa chochote ila chai ya maziwa.

Lakini siwezi kuanza na mlima. Lazima nianze na mtoto.

Mwanangu Kibet alioa Moraa, msichana wa Kikisii ambaye wazazi wake walikuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho, wakabaki. Msichana mzuri, ana heshima, ila mdomo anao. Akija kwangu Bomet tunacheka mpaka baba Kibet anatoka nje na redio yake. Walipojaliwa mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza, nilicheza mpaka gambuti ikanichomoka mguuni. Halafu ikafika siku ya kumwita jina.

Kwa wasiotujua sisi Wakipsigis: mtoto wetu hapewi jina hivi hivi tu. Akina mama wanakaa naye ndani, mmoja anaita majina ya watu wa ukoo wa babake waliokufa, moja baada ya lingine. Jina likitajwa na mtoto apige chafya, basi huyo ndiye amerudi. Hata sisi waumini tunafanya. Ubatizo una siku yake na hili lina siku yake, na pasta wetu mwenyewe aliitwa hivyo hivyo. Katazo ni moja tu: usiite jina la mtu aliye hai. Hiyo ni kumzika mtu na bado anapumua.

Aliyeita siku hiyo ni Rael, dada mkubwa wa mume wangu. Rael ndiye anayeujua ukoo wao wote mpaka mizizi. Aliita, akaita, mtoto akawa anamtazama tu kama anayesikiliza hotuba ya chifu. Tulipoanza kuchoka, huko jikoni jirani yetu aliyekuja kusaidia kupika akamwaga pilipili kwenye mafuta ya moto. Moshi ukaingia. Wakati huo Rael alikuwa amefika kwa Tabarno, bibi mmoja wa zamani aliyekuwa na ng'ombe wengi kupindukia. Mtoto akapiga chafya. Vigelegele! Tabarno amerudi na mali yake!

Sasa nikuulize wewe. Mimi nilipiga chafya. Moraa alipiga chafya. Rael mwenyewe alipiga chafya mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Tungemwita Rael naye Tabarno? Lakini nani angesema? Furaha ilikuwa imeshaingia nyumbani, na jina la mwenye ng'ombe wengi halikataliwi.

Tangu siku hiyo mtoto akaanza kulia. Si kilio cha tumbo, hicho nakijua. Huyu alikuwa analia akiangalia mlango. Akipewa titi anageuza uso. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa, ila uzito unashuka na wanaogopa. Moraa akaja kukaa kwangu. Alikuwa anamkamulia maziwa na kumdondoshea kwa kijiko, nusu yanaingia, nusu yanamwagika shingoni. Shingo yenyewe ilikuwa imebaki kama kidole changu. Niliogopa, sikufichi. Nilikuwa naamka asubuhi na kitu cha kwanza ni kusikiliza kama analia, na siku akichelewa kulia moyo unasimama.

Kanisani kwetu akina mama walikuwa wamepanga kwenda kupanda mlima wa Londiani, kutembea na kuomba. Nikasema siendi. Mtoto yuko hivi, mimi niende kuangalia nyani? Ni Moraa aliyenifukuza. "Mama, nenda," akaniambia. "Wanakwenda kumwombea huko juu, na wewe ndiye nyanya yake. Hapa unazunguka tu, unanitia wasiwasi." Basi nikaenda.

Kuna jambo lingine nilikuwa nalijua kuhusu mlima huo, ingawa sikulifikiria siku ile. Ukoo wa mume wangu ulikuwa unakaa chini yake zamani, kabla hajazaliwa, ndipo wakahamia Bomet. Hilo ndilo tu nililokuwa nimeambiwa.

Tulikutana na askari wa msitu pale wanapoingilia wageni. Kijana mpole, bunduki begani. Akatutazama, akina mama na sare zetu za kanisa na raba za watoto wetu wa shule, akatabasamu. "Akina mama, msitawanyike," akasema. "Hapa si sokoni. Kuna chui, na ukungu ukishuka hata mimi nasimama." Tukapita misaipresi, tukaingia msitu wenyewe, miti mikubwa yenye ndevu. Mbega walikuwa wanaruka juu yetu na mikia yao myeupe, mwenyekiti wetu akasema hao nao wamevaa sare. Pongo alisimama njiani, akatutazama, akaingia vichakani polepole, hana haraka. Ukigeuka nyuma ulikuwa unaona mashamba ya chai upande wa Kericho, kijani mpaka macho yanachoka. Uzuri wa Mungu. Nami nilikuwa natembea na machozi, kwa sababu kila kitu nilichokiona kilikuwa kinaishi vizuri, isipokuwa mjukuu wangu.

Tulipofika kwenye mianzi goti langu likagoma. Nikawaambia watangulie, nawafuata polepole. Walikuwa karibu tu, nasikia wanaimba. Nikakaa kwenye jiwe, nikamimina chai kutoka kwenye thamosi yangu.

Ukungu ukashuka. Unajua ukungu wetu, unakuja kama mtu anakufunika blanketi. Nyimbo zikafifia, zikakatika. Mianzi ikanyamaza. Halafu nikasikia mtu nyuma yangu anasema:

"Takwenya!"

Nikajibu "Igo" kabla sijageuka, maana ndivyo tulivyolelewa. Takwenya ni salamu ya mwanamke mkubwa kwa aliye mdogo kwake. Mkubwa ndiye anayeianza, mdogo anaitikia. Nikageuka nikitegemea kuona bibi kizee. Kumbe ni msichana! Msichana wa kuolewa jana au kesho, uso laini, miguu mitupu kwenye baridi ile, shuka moja limefungwa begani, limefifia mpaka rangi ya udongo. Miguuni pake kulikuwa na mzigo wa kuni.

Haki nilikasirika. Mimi niliye na mjukuu, niamkiwe takwenya na mtoto huyu? Nikasema moyoni, hawa wa siku hizi hawajui hata salamu. Lakini nilimwonea huruma kwa ile miguu. Nikampa chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa, hakunywa. Alikirudisha kikiwa kimejaa na kimepoa kabisa, na ilikuwa chai ya moto ya kuunguza ulimi. Hilo nililiona, nikalipuuza. Mtu ukiwa na mambo yako kichwani unapuuza mengi.

"Wewe ni wa nani?" nikamuuliza.

Akataja jina la mzee, kisha jina la ukoo. Lilikuwa jina la babu ya mume wangu, na ukoo ni wao. Nikafikiri, ah, kumbe kuna watu wao waliobaki huku, na Rael na ujuaji wake hajawahi kuniambia!

"Na jina lako?"

"Jina langu hamlitaji," akasema. Kipsigis chake kilikuwa kile cha zamani, cha akina kogo, nyanya zetu, maneno mengine sikuwa nimeyasikia tangu nikiwa mtoto. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia mvua haijanyesha. Halafu akaniuliza, "Mama bado amekasirika?"

"Mama yupi?"

"Asubuhi nilimvunjia kifuniko cha kibuyu. Akanigombeza sana. Ndiyo nikasema nije nimtafutie kuni nzuri, apoe."

Sasa nisikilize vizuri. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinionyesha kibuyu kimoja cha maziwa kilichokuwa kimetundikwa karibu na mlango. Akaniambia, hiki hakinywewi. Utakisugua kwa mkaa, utakijaza maziwa, utakitundika, yakiharibika utampa ndama na kujaza mengine. Nikauliza ni cha nani, akasema ni cha mgeni. Yeye alikuwa amekipokea kutoka kwa mama mkwe wake, na alipofariki nikakipokea mimi. Bibi harusi haulizi mara mbili, na baadaye nilizoea tu. Miaka yote hiyo nimekijaza kibuyu cha mgeni asiyekuja. Na kifuniko chake kimepasuka katikati, kimeshonwa kwa ukano wa ng'ombe. Mshono mzuri, wa mtu aliyekuwa na wakati.

Kinywa changu kilijibu chenyewe. "Alikishona," nikasema. "Kwa ukano. Kimeshikana vizuri, hakivuji."

Msichana akanitazama. Sijawahi kuona uso unafunguka hivyo. "Kwa hivyo hajakasirika," akasema.

"Hajakasirika. Anakuwekea maziwa."

Ni hapo nilipojisikia ninavyoongea, na nywele zikanisimama chini ya kitambaa. Ungekuwa wewe ungekimbia? Ungekimbilia wapi, na goti lile, kwenye ukungu ule? Na nikuambie ukweli wangu, hofu ilikuwepo lakini huruma ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alikuwa mtoto wa mtu.

"Niliteremka," akasema, "sikuikuta nyumba. Wala boma, wala moshi. Mlihamia wapi?"

"Bomet."

Hakuijua. Nikanyoosha mkono kuelekea kusini, ndani ya ukungu, nikasema ni kule, mbali, ng'ambo ya mashamba ya chai. Na mashamba ya chai pia hakuyajua, nikaona usoni. Akaangalia upande huo muda mrefu.

"Siwezi kwenda peke yangu," akasema. "Mniite. Nimesikia mnaita wengine tu. Mniite na mimi." Kisha akainama kwenye mzigo wake. "Nitwike."

Mwanamke akikuomba umtwike kuni njiani hukatai. Hata adui yako unamtwika. Nikashika mzigo kwa mikono miwili, nikajikaza kama tunavyojikaza, nikanyanyua nusura nianguke kinyumenyume. Haukuwa na uzito. Kuni zilikuwepo, nilizishika, maganda yanakwaruza viganja, lakini uzito haukuwepo. Nikauweka mgongoni mwake, akaweka ukanda wa ngozi kwenye paji la uso. Akasema "Kongoi," asante, akaenda upande ule niliomwonyesha. Mianzi haikutikisika.

Nyimbo zikarudi. Askari wa msitu akatokea akikimbia. "Mama, unaongea na nani?"

"Umepishana na msichana wa kuni?"

"Hakuna anayeokota kuni huku juu," akasema. "Mbali hivi, nani aje?" Akanishika mkono tukapanda. Walipoomba, niliomba, lakini sijui nilisema nini. Na mwenyekiti alipokuja kunisalimia akavuta pua, akasema, "Mama Kibet, umebeba maziwa ya kibuyu na hutugawii?" Nikanusa viganja vyangu. Vilikuwa vinanuka kibuyu kilichotoka kusuguliwa kwa mkaa, na siku hiyo sikuwa nimegusa kibuyu chochote.

Nilifika nyumbani giza halijaingia. Rael alikuwepo, amekuja kumwona mtoto. Nikamwambia yote, tukiwa jikoni, na Moraa anasikia kutoka sebuleni. Rael ni mwanamke mgumu, hakulia hata alipomzika mumewe. Nilipofika kwenye kifuniko, akakaa chini. Si kwenye kiti. Sakafuni.

"Tapkigen," akasema. Halafu akaziba mdomo kama amemwaga kitu.

Tapkigen alikuwa dada ya baba yao Rael na mume wangu. Aliingia msituni asubuhi kutafuta kuni, hakurudi. Walimtafuta, hawakupata hata shuka. Mama yake akakataa kumlilia. Akasema mwanangu hajafa, amechelewa. Akashona kifuniko, akaanza kumwekea maziwa. Hata walipohama alikuja amekishika kibuyu kifuani. "Nilikuwa mdogo," Rael akasema, "kogo akanishika sikio, akaniambia, wewe ndiwe utakayewaita watoto wa ukoo huu. Atakayemwita Tapkigen pamoja na wafu, huyo ndiye amemuua mwanangu. Mama Kibet, kila mtoto niliyemwita, jina hilo nimeliruka. Unataka nimuue?"

"Angekuwa na umri gani leo, Rael? Hakuna mtu anayeishi hivyo."

"Najua hesabu! Usinifundishe hesabu! Niliahidi."

Moraa akaingia na mtoto, amemshika kama yai. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shangazi," akamwambia Rael, "mimi si wa ukoo wenu, mambo yenu siyajui vizuri. Lakini huyo bibi alikuwa anamngojea mtoto wake. Na mimi nangojea wangu. Wake hatarudi kwa kungojewa. Wangu je?"

Rael akalia. Nilishangaa, maana sikujua machozi anayo. Alilia kama msichana mdogo aliyeshikwa sikio.

Asubuhi tukakaa. Hakuna jirani, hakuna jikoni, moto nimeuzima mwenyewe kwa maji. Wanawake watatu tu na mtoto ambaye sasa hakuwa na nguvu hata ya kulia, alikuwa analalama tu huku macho yameelekea mlangoni. Rael akaomba msamaha kwa kogo yake kwanza. Halafu akasema, "Tapkigen. Dada ya baba. Umekufa. Rudi."

Kimya.

Akaita tena. Hakuna chafya. Moraa akanitazama na nikaona anaanza kukata tamaa, na mimi nikawa nimeanza, mpaka nikayakumbuka maneno ya yule msichana wa kuni. Sikuikuta nyumba. Jamani, tunamwita aje wapi?

Nikainuka, nikakitoa kibuyu kwenye msumari wake. Nikafungua mlango wazi, ule upande wa Londiani. Nje kulikuwa na ukungu juu ya majani ya chai yetu. Nikafungua kile kifuniko, nikamwaga maziwa kidogo kidogo kwenye kizingiti, nikasema kwa sauti, kama unavyomwelekeza mtu kwa simu: "Tulihamia huku! Shuka kwenye mlima, vuka mashamba ya chai, uje mpaka Bomet. Nyumba ni hii ya mabati, mlango uko wazi. Mama yako hajakasirika. Kifuniko kilishonwa."

Nyuma yangu mtoto akapiga chafya.

Chafya ndogo, kavu, ya kuku. Hakuna aliyepiga vigelegele. Tulikuwa tunaogopa kupumua. Mtoto akageuza uso kutoka mlangoni, akamtazama mamake kana kwamba ndiyo kwanza amemwona, akatafuta titi. Tukasikia anameza. Sijui kama ushawahi kukaa kimya na watu wazima mkisikiliza mtoto anameza. Moraa alikuwa anacheka na kulia pamoja, na Rael alikuwa amelala sakafuni kifudifudi.

Pasta nilimweleza. Akafikiri, akaniambia, "Mama, mshukuru Mungu na uache maswali." Nimeshukuru. Maswali hayajaniacha. Hospitali walisema watoto wengine hubadilika wenyewe tu, na huenda ni hivyo. Mimi sibishani na mtu. Kile kibuyu sasa tunakinywea wote, na mtoto ndiye wa kwanza kupewa.

Ana afya, Tapkigen wangu. Anatembea, anaongea, anawafukuza kuku. Ana tabia moja: mtu akitoka nyumbani, lazima amuulize anaenda wapi, na usipomjibu atashika nguo yako mpaka umjibu. Juzi asubuhi nilikuwa natoka kukama, ukungu umeshika kila mahali, ndoo mkononi. Nikamkuta amesimama mlangoni, miguu mitupu. Tumemfundisha kuamkia wakubwa kama watoto wengine. Lakini alinitazama kutoka juu hadi chini, polepole, akasema:

"Takwenya."

Hakuna anayesema hivyo nyumbani kwetu. Nikaweka ndoo chini. Nikaitikia "Igo," kama mdogo wake. Moraa sijamwambia mpaka leo.

Basi ndugu yangu, nakuonya. Mkihama, semeni mnakohamia. Simama mlangoni useme kwa sauti, hata kama humwoni wa kumwambia, hata majirani wakikucheka. Na siku ukiupanda mlima wa Londiani, ukungu ukishuka na msichana akuombe umtwike kuni, usikimbie. Mtwike. Kisha umuulize kwao ni wapi, maana huenda ni kwenu.